Kosa la Mwamuzi, Uamuzi wa Kamati na Haki ya Shabiki Kuuliza "Kwa Nini?"

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, kamati ya watu 13 nchini Marekani ilitangaza timu nne ambazo zingewania ubingwa wa taifa wa futiboli ya vyuo vikuu. Timu ya Florida State University haikuwamo. Timu hiyo ilikuwa imecheza michezo 13 na kushinda yote 13. Ilikuwa bingwa wa konferensi yake, ACC, ambayo wakati huo ilihesabiwa miongoni mwa konferensi tano kubwa za vyuo. Siku chache kabla, kamati hiyo hiyo ilikuwa imeiweka katika nafasi ya nne. Jumamosi ikashinda tena, ikatwaa kombe la konferensi. Jumapili ikajikuta katika nafasi ya tano, nje ya mashindano. Tangu mfumo huo wa timu nne uanze katika msimu wa 2014, hakuna bingwa wa konferensi kubwa aliyewahi kumaliza bila kushindwa kisha akaachwa.

Msomaji wa ukurasa huu aliyezoea kusoma habari za katiba, bajeti na vyama vya wafanyakazi huenda akajiuliza: mpira wa Wamarekani unatuhusu nini? Jibu langu ni kwamba suala la msingi hapa si mpira. Ni namna taasisi zinavyotoa uamuzi unaogusa maisha ya watu, na kile ambacho wanaoguswa wana haki ya kuambiwa. Katika makala haya najenga hoja moja: kosa la mwamuzi uwanjani na uamuzi wa kamati ya uteuzi ni mambo mawili tofauti, na jamii inayoyachanganya hufundisha watu wake kunyamaza mahali wanapopaswa kuuliza.

Kwanza tuuelewe mfumo wenyewe. Vyuo vinavyocheza futiboli ya Kimarekani katika daraja la juu vinazidi 130, na kila kimoja hucheza takriban michezo 12 kwa msimu. Haiwezekani vyote vikutane. Kwa miongo mingi msimu ulihitimishwa kwa michezo ya heshima iitwayo "bowl", yaani bakuli, jina lililotokana na umbo la viwanja. Mkongwe kati ya hiyo ni Rose Bowl wa Pasadena, California, uliochezwa mara ya kwanza mwaka 1902, ambapo Michigan iliifunga Stanford 49-0. Bingwa wa taifa hakupatikana uwanjani. Alipatikana kwa kura: waandishi wa habari walipiga yao, makocha walipiga yao, na mara nyingine kila upande ulimtawaza bingwa wake.

Mwaka 1998 ulianzishwa mfumo wa BCS uliochanganya kura na hesabu za kompyuta ili kupata timu mbili za kucheza fainali. Wengi walidhani mashine ingemaliza ubishi. Katika msimu wa 2003, USC ilishika nafasi ya kwanza katika kura ya waandishi na pia katika kura ya makocha, lakini hesabu ya jumla ikaiacha nje ya fainali. LSU ikaifunga Oklahoma na kutawazwa na BCS. Waandishi nao wakaipa USC ubingwa wao. Mwaka uliofuata Auburn ikamaliza msimu bila kushindwa na isipate nafasi. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Barack Obama, alipokwisha kuchaguliwa kuwa rais mwaka 2008, alisema hadharani kuwa angependa mtoano wa timu nane. Ndipo ikazaliwa kamati ya uteuzi, iliyoanza kazi katika msimu wa 2014 kwa kuchagua timu nne.

Sasa turudi kwenye aina ya kwanza ya mgogoro: kosa la mwamuzi. Tarehe 3 Januari 2003, Miami na Ohio State zilikutana katika Fiesta Bowl kuamua ubingwa wa taifa. Miami ilikuwa imeshinda michezo 34 mfululizo. Katika muda wa nyongeza ilikuwa mbele 24-17, na Ohio State ilikuwa na jaribio lake la mwisho. Pasi ikaanguka chini. Wachezaji wa Miami wakaingia uwanjani kushangilia. Kisha, sekunde kadhaa baadaye, mwamuzi mmoja akatupa kitambaa cha njano kuashiria kwamba mlinzi wa Miami alimzuia mpokeaji kinyume cha kanuni. Mchezo ukaendelea, Ohio State ikasawazisha na hatimaye kushinda 31-24. Zaidi ya miaka 20 imepita na mashabiki wa Miami bado wanabishana kuhusu kitambaa kile. Marudio ya video hayakuwa yameanza kutumika katika futiboli ya vyuo.

Siku hizi marudio yapo, na bado ubishi upo. Tarehe 1 Januari 2025, katika Peach Bowl, Arizona State na Texas zilikuwa sare 24-24, dakika za mwisho zikiyoyoma. Mlinzi wa Texas alimgonga mpokeaji wa Arizona State kwa namna ambayo watazamaji wengi waliiona ni kumlenga kichwani, kosa ambalo adhabu yake ni yadi 15 na mchezaji kutolewa. Waamuzi walitazama video na kusema hakuna kosa. Arizona State ikalazimika kuupiga mpira mbali badala ya kuendelea na shambulizi. Texas ikaja kushinda 39-31 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Kamishna wa konferensi ya Big 12, Brett Yormark, alijitokeza kudai viwango vya pamoja vya uamuzi kwa nchi nzima.

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kwenda Atlanta kulielewa jambo hili. Tarehe 5 Aprili 2024 kule Pretoria, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba na kudunda chini. VAR ilikuwapo, na bao halikukubaliwa. Yanga ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti, 3-2. Kwa majuma kadhaa hapakuwa na kijiwe, daladala wala ofisi ambayo haikuwa na mtaalamu wa mstari wa goli.

Nini hasa huwaumiza mashabiki katika matukio kama haya? Mara nyingi tunadhani ni kushindwa. Ndiyo maana hujibiwa haraka kwa msemo wetu maarufu: asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini msemo huo una sharti ndani yake. Unamtaka mtu akubali kushindwa. Haumtaki akubali kutopewa maelezo. Kosa la jicho linasameheka, kwa kuwa kila mwenye jicho hukosea. Mwamuzi ana sekunde moja, miili 22 inayokimbia na kelele za watu maelfu. Anatumia kanuni iliyoandikwa kabla ya mchezo, ambayo pande zote mbili zinaijua. Tunaweza kusema amekosea kwa sababu tunayo kanuni ya kumpimia.

Tena kosa la aina hii huweza hata kurekebishwa, pale penye utashi. Novemba 1940 Cornell iliifunga Dartmouth 7-3 kwa mguso uliopatikana sekunde za mwisho. Filamu ya mchezo ilipotazamwa, ilionekana kwamba mwamuzi alikosea kuhesabu na kuipa Cornell jaribio la tano wakati kanuni inaruhusu manne. Mwamuzi alikiri. Cornell, timu ambayo haikuwa imeshindwa msimu ule, ikatuma ujumbe Dartmouth na kuukabidhi ushindi. Matokeo yaliyoandikwa katika kumbukumbu ni Dartmouth 3, Cornell 0. Nusu karne baadaye, Oktoba 1990, Colorado ilipewa jaribio la tano kama lile lile dhidi ya Missouri, ikashinda 33-31, ikaubakiza ushindi wake, na mwisho wa msimu ikatawazwa na waandishi kuwa bingwa wa taifa. Kanuni ilikuwa ile ile, kosa lile lile. Kilichotofautiana ni taasisi.

Aina ya pili ya mgogoro ni tofauti kabisa. Kamati haina sekunde moja; ina siku nzima hotelini, ina video, ina takwimu, ina chai mezani. Inapoamua, haiwezi kujitetea kwa udhaifu wa jicho. Kwa hiyo ile subira tunayompa mwamuzi haiistahili kamati. Kadiri muda wa kufikiri unavyokuwa mrefu, ndivyo wajibu wa kueleza unavyokuwa mkubwa.

Ni sababu gani ilitolewa kuhusu Florida State? Tarehe 18 Novemba 2023 Jordan Travis, kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi yote, aliumia vibaya mguu. Kamati ikasema kuwa bila yeye timu hii si ile iliyokuwapo kabla. Badala yake ikaichukua Alabama, iliyokuwa imeshinda michezo 12 na kupoteza mmoja, na ambayo siku moja kabla ilikuwa imeifunga Georgia, iliyokuwa ya kwanza katika orodha. Lakini baada ya Travis kuumia, Florida State iliifunga Florida 24-15 ugenini, kisha ikaifunga Louisville 16-6 katika fainali ya ACC ikiongozwa na kwotabeki wa tatu, kijana wa mwaka wa kwanza. Haikushinda kwa madaha, ila ilishinda.

Hapa ndipo swali la falsafa linapojitokeza, na mashabiki wa kawaida wamelijadili kwa umakini kuliko wachambuzi wengi wanaolipwa. Je, nafasi apewe aliyestahili kwa alichokwisha kufanya, au anayedhaniwa kuwa bora kwa atakachofanya? Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusahihisha mitihani. Mwanafunzi akipata alama za juu katika mitihani yake yote, siwezi kumnyima daraja la kwanza kwa kuwa amevunjika mkono wiki ya mwisho na nahisi hatafanya vizuri katika shahada ya uzamili. Daraja ni kumbukumbu ya kilichotendeka. Makisio yangu kuhusu kesho yake, hata yakiwa sahihi, hayana mahali katika cheti chake. Nikiyaingiza, nitakuwa nimeacha kusahihisha na kuanza kupiga ramli.

Wanaoitetea kamati wana hoja tatu nzito, na si haki kuzipita.

Mosi, wanasema mwongozo wa kamati uliruhusu wazi kuzingatia kukosekana kwa wachezaji muhimu, hivyo hapakuwa na kanuni iliyobuniwa usiku. Ni kweli kifungu hicho kilikuwapo. Tatizo ni kwamba mwongozo haukueleza uzito wake ukilinganishwa na ubingwa wa konferensi au na rekodi ya kutoshindwa. Orodha ya vigezo isiyo na mizani si kanuni. Ni kabati ambalo mtoa uamuzi hufungua na kuchukua nguo inayomfaa siku hiyo.

Pili, wanasema matokeo yaliithibitisha kamati. Tarehe 30 Desemba 2023 Florida State ilicheza na Georgia katika Orange Bowl ikafungwa 63-3. Ni kipigo cha kutisha. Lakini timu iliyoingia uwanjani siku ile ilikuwa imekwisha kuondokewa na wachezaji zaidi ya 20, walioumia, waliohama chuo au waliojitunza kwa ajili ya ligi ya kulipwa, kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa hauna tena ubingwa ndani yake. Huwezi kumnyima mtu sababu ya kupigana, kisha ukatumia unyonge wake kama ushahidi kwamba hakustahili. Na tukikubali kupima uamuzi kwa matokeo, basi tupime kote: Alabama nayo ilifungwa na Michigan 27-20 katika Rose Bowl, na haikufika fainali.

Tatu, na hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi, wanasema rekodi peke yake haitoshi, kwa sababu ratiba hazilingani. Ushindi 13 dhidi ya wanyonge si sawa na ushindi 12 dhidi ya vigogo. Hili nalikubali. Hakuna hesabu itakayoondoa haja ya busara ya binadamu. Kompyuta za BCS zilijaribu na tuliona yaliyotokea mwaka 2003. Ila kukubali kwamba busara inahitajika si kukubali kwamba busara iwe ya siri. Jaji naye hutumia busara, na ndiyo maana huandika hukumu.

Wengine walidhani dawa ni kuongeza nafasi. Kuanzia msimu wa 2024 mashindano yalipanuliwa kutoka timu nne hadi 12, na faida yake ilionekana papo hapo: Ohio State, iliyopangwa ya nane, ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Notre Dame 34-23 Januari 2025. Katika mfumo wa zamani isingekuwamo. Lakini ubishi haukufa. Ulihama tu kutoka nafasi ya nne hadi ya 12. Desemba 2025 Notre Dame, iliyokuwa nafasi ya kumi mbele ya Miami, ilijikuta nyuma yake katika orodha ya mwisho, ingawa hakuna timu yoyote kati ya hizo mbili iliyocheza wikiendi ile. Miami ilikuwa imeifunga Notre Dame 27-24 mwanzoni mwa msimu, na inawezekana kabisa kwamba ndiyo iliyostahili. Hata hivyo ushindi ule ulikuwapo tangu Agosti. Kama ulikuwa na uzito, kwa nini uzito huo haukuonekana katika orodha za wiki zilizotangulia? Notre Dame ilisusa, ikakataa kucheza mchezo wowote wa bakuli. Kususa si jambo ninalolisifu, lakini linaeleweka pale ambapo hakuna mlango wa rufaa wa kugonga.

Tusisahau pia fedha. Mwaka 2024 kituo cha ESPN kilisaini mkataba wa miaka sita wa takriban dola bilioni 7.8 kurusha mashindano haya. Orodha za kila wiki hutangazwa katika kituo hicho hicho, na mwenyekiti wa kamati huhojiwa humo. Wajumbe hutoka nje ya chumba chuo chao kinapojadiliwa, na huo ni utaratibu mzuri. Lakini kura ya kila mjumbe hubaki siri. Mimi sina ushahidi kwamba yeyote alihongwa, na simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba usiri huzaa tuhuma hata pale pasipo na hatia. Waswahili walikwisha kunena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Asiyetaka kushukiwa hivyo na aiwambe hadharani.

Ukimya huo ndio uliowavuta wanasiasa. Baada ya uamuzi wa 2023, Gavana Ron DeSantis wa Florida alitaka dola milioni 1 zitengwe katika bajeti kwa ajili ya kesi, na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ashley Moody, akadai nyaraka za kamati. Ndivyo ilivyo popote: taasisi isiyojieleza yenyewe hukaribisha wenye nguvu kuieleza kwa niaba yake, na hao huwa na maslahi yao.

Kifanyike nini? Napendekeza mambo matatu, na naomba msomaji aliye katika utumishi wa umma ayasome huku akiwaza kamati ambazo yeye mwenyewe huketi.

Kwanza, vigezo vitangazwe kabla ya msimu pamoja na uzito wa kila kimoja. Aliyefanya usaili wa kazi ana haki ya kujua kabla ya kuingia chumbani kama kinachopimwa ni cheti, uzoefu au ufasaha. Pili, kila uamuzi uandikiwe sababu, na kura za wajumbe ziwekwe wazi. Mjumbe anayeona aibu kuonyesha kura yake angejiuliza kwa nini aliipiga. Tatu, iwepo njia ya kupinga, hata kama ni finyu, mbele ya watu wengine wasiokuwa wale wale waliotoa uamuzi. Arizona State ililalamikia uamuzi ambao angalau ulitazamwa mara ya pili. Florida State haikuwa na mara ya pili.

Hakuna hata moja kati ya haya litakalomaliza ubishi wa mashabiki, na wala sitamani uishe. Watu wanaobishana hadi usiku wa manane kuhusu kitambaa cha njano wanafanya zoezi la uraia bila kujua: wanadai kanuni ijulikane, itumike sawa kwa wote, na anayeitumia ajieleze. Tofauti kati yao na sisi ni kwamba wengi wetu huishia kulifanya zoezi hilo Jumamosi na Jumapili tu. Jumatatu tunaingia ofisini na madarasani, tunapokea barua zisemazo "tunasikitika kukujulisha" bila sababu hata moja, na tunazikunja kimya kimya na kuzitia mfukoni.

Shabiki wa Florida State hakupewa jibu la kumtosheleza, lakini aliuliza. Mwanafunzi aliyenyimwa mkopo, mtumishi aliyerukwa katika kupandishwa cheo na mwanakijiji ambaye jina lake limekosekana katika orodha ya wanufaika nao waulize swali lile lile, kwa sauti ile ile, na wamtake aliyetoa uamuzi alijibu kwa maandishi.